Masafa ya Risasi na Uwiano wa Ndege za Kivita katika Simuleta za Mtandaoni

Katika kila kundi la marubani wa simuleta, yaani michezo ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, utakuta ubishi usiokwisha kuhusu ndege ipi imependelewa na ipi imeonewa. Mmoja husema Spitfire ya Uingereza haishindiki, mwingine hudai P-47 ya Marekani ni mzigo usiofaa kitu, na wa tatu hutaka mizinga ya ndege iitwayo Hispano ipunguzwe nguvu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wachezaji wa Nairobi na viunga vyake wanaorusha ndege za Vita vya Pili vya Dunia katika IL-2, War Thunder, DCS World, Aces High na simuleta nyingine za aina hiyo, na unatetea jambo moja: uwiano wa ndege, yaani jinsi uwezo wake unavyolingana vitani, hauwezi kupimwa kabla ya kupima umbali ambao risasi zinaua. Kasi, wepesi wa kukata kona na uwezo wa kupaa ni sifa za ndege, lakini thamani ya kila sifa hupanda au kushuka kulingana na masafa ya bunduki za adui. Mchezaji asiyejua masafa hayo anabishania kitu ambacho hajakipima.

Hatua ya kwanza: chunguza mtandao kabla ya kuchunguza ndege

Seva nyingi zenye wachezaji wa kutosha ziko Ulaya au Marekani. Data ya mchezaji aliyeko Kasarani au Lang'ata kwa kawaida huteremka hadi Mombasa na kuingia katika nyaya za chini ya bahari, kama vile SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Frankfurt iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Nairobi kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo, hata kama waya haungezunguka popote, safari ya kwenda na kurudi isingeweza kupungua milisekunde 60, na kwa kuwa nyaya hizo huzunguka pwani na kupitia mitambo mingi, mchezaji wa hapa ajiandae kwa ucheleweshaji unaozidi milisekunde 100 mara nyingi.

Ucheleweshaji huo una maana ya moja kwa moja katika kulenga. Ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa husogea mita 139 kila sekunde, na katika milisekunde 150 itakuwa imesogea mita 21, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wa kiwiliwili chake. Kama kosa hilo litakudhuru au la inategemea ni kompyuta ipi inayoamua kwamba risasi imepiga. Katika baadhi ya simuleta uamuzi hufanywa na kompyuta ya mfyatuaji: ukiona risasi zimegonga kwenye skrini yako, zimegonga kweli, na unachopaswa kulenga ni kile unachokiona. Gharama yake ni kwamba nawe utapigwa na adui ambaye kwenye skrini yako pua yake bado haijakuelekea. Katika nyingine uamuzi hufanywa na seva, na hapo huenda ukahitaji kulenga mbele zaidi kidogo kuliko macho yanavyokuambia.

Njia ya kutambua ni rahisi. Mwombe mwenzako aruke kwa mstari ulionyooka, kwa kasi na mwinuko mliokubaliana, nawe umfyatulie kutoka ubavuni ukiwa umbali uleule kila mara. Kisha rudia zoezi hilohilo nje ya mtandao dhidi ya ndege inayoongozwa na kompyuta. Ikiwa nafasi unayoacha mbele ya shabaha ni ileile katika mazoezi yote mawili, uamuzi unafanywa kwako. Ikiwa inabidi uiongeze unapokuwa mtandaoni, unafanywa kwingine.

Zaidi ya ukubwa wa ucheleweshaji, angalia utulivu wake. Simuleta hukisia mahali ndege ya adui ilipo kati ya taarifa moja na nyingine, na makisio hayo huwa sahihi pale ambapo taarifa zinafika kwa mpangilio. Mimi ningechagua seva yenye milisekunde 170 zisizobadilika kuliko yenye 110 zinazoruka hadi 250 kila mara. Tumia waya kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi, simamisha upakuaji wa simu na televisheni nyumbani, na pima saa zile unazocheza, kwa sababu faiba inayotumiwa na jengo zima huwa na tabia moja saa nne asubuhi na tabia tofauti kabisa saa mbili usiku.

Hatua ya pili: zijue bunduki zako kwa tarakimu

Wachezaji wengi hukariri kasi ya juu ya ndege na kusahau kasi ya risasi yake. Rashasha ya Browning M2 yenye kipenyo cha milimita 12.7, iliyobebwa na P-51, P-47 na ndege nyingine nyingi za Marekani, hurusha risasi kwa takriban mita 880 kwa sekunde inapotoka mdomoni mwa mtutu. Mzinga wa Hispano wa milimita 20 uko karibu na hapo. Mzinga wa Kijerumani wa MG 151/20 hurusha kati ya mita 700 na 800 kulingana na aina ya risasi, na ule wa milimita 30 uitwao MK 108 hurusha kwa mita 500 hadi 540 tu. Ndege za Kijapani za Zero za mwanzo zilibeba mzinga wa Aina ya 99 Namba 1 wenye kasi ya takriban mita 600, ilhali Namba 2 uliofuata ulifikia takriban 750.

Tuchukue ncha mbili za orodha hiyo na tuhesabu, tukiacha kwanza ukinzani wa hewa. Kwa umbali wa mita 300, risasi ya mita 880 kwa sekunde huchukua sekunde 0.34 na kushuka kwa mvutano wa dunia takriban sentimita 57. Risasi ya mita 520 huchukua sekunde 0.58 na kushuka takriban mita 1.6. Kwa umbali wa mita 600, ya kwanza hushuka mita 2.3 na ya pili mita 6.5. Ikiwa adui anapita mbele yako kwa pembe ya mraba akiwa na kasi ya kilomita 500 kwa saa, katika mita 300 unapaswa kulenga mita 47 mbele yake kwa risasi ya kasi na mita 80 kwa risasi ya polepole. Katika mita 600, mita 95 na mita 160. Ukinzani wa hewa huzidisha tofauti hizi, kwa kuwa kila risasi hupoteza kasi inavyokwenda.

Hapa ndipo kiini cha masafa kilipo. Tuseme jicho lako hukosea kwa asilimia 10 tu unapokadiria nafasi ya kutanguliza, jambo ambalo ni uzuri wa hali ya juu kwa binadamu. Kwa bunduki ya kasi katika mita 300, kosa hilo ni chini ya mita 5, na ndege yenye urefu wa mita 9 bado itaguswa mahali fulani. Katika mita 600 kosa lilelile la asilimia linakuwa mita 9.5, na risasi zote hupita mbele au nyuma. Ustadi wako haujabadilika hata chembe. Umbali umeongezeka maradufu na nafasi ya kupiga imetoweka.

Ongeza hapo mtawanyiko. Hakuna bunduki inayorusha risasi zote mahali pamoja. Kwa kipimo cha miliradiani, ambacho wachezaji hukiita mili, mili 1 ni mita 1 kwa kila mita 1,000 za umbali. Bunduki yenye mtawanyiko wa mili 4 hueneza risasi zake katika duara la mita 1.2 ukiwa mita 300, mita 2.4 ukiwa mita 600 na mita 3.6 ukiwa mita 900. Eneo la duara hukua kwa mraba wa upana wake, na kwa hiyo katika mita 600 kila sehemu ya ndege ya adui hupokea robo tu ya risasi ambazo ingepokea katika mita 300, hata kama umelenga kikamilifu.

Jua pia akiba yako. P-51D ilibeba risasi 1,880: bunduki mbili za ndani zilikuwa na 400 kila moja, na nne zilizobaki 270 kila moja. Kwa mwendo wa takriban risasi 13 kwa sekunde kwa kila bunduki, baada ya sekunde 20 unabaki na bunduki mbili, na baada ya sekunde 30 huna kitu. Zero ya A6M2 ilikuwa na risasi 60 kwa kila mzinga, nazo huisha katika takriban sekunde 7. Mwenye sekunde 7 hana ruhusa ya kujaribu bahati katika mita 700.

Hatua ya tatu: jifunze kupima umbali kwa duara la kioo cha shabaha

Baadhi ya seva huonyesha umbali wa adui kwa lebo iliyo juu ya ndege, na nyingine huzima lebo hizo. Usitegemee lebo pekee. Vioo vingi vya shabaha, ambavyo rubani hulengea, vya zama zile vina duara lenye upana wa mili 100, lakini thibitisha ukubwa wa duara lako katika maelezo ya ndege. Ndege yenye mabawa ya mita 10 hujaza duara hilo ikiwa mita 100, hujaza nusu yake ikiwa mita 200, na theluthi yake ikiwa mita 300. Bf 109 ya Kijerumani ina upana wa mabawa wa mita 9.9, Fw 190, nayo ya Kijerumani, mita 10.5, Spitfire ya kawaida mita 11.2 na P-51 mita 11.3, na kwa hiyo kanuni hii inatosha kwa ndege nyingi za kivita bila hesabu ya ziada.

Kosa kubwa hutokea kwa ndege za kudondosha mabomu. B-17 ina mabawa ya mita 31.6, na itajaza duara lilelile ikiwa bado mita 316 kutoka kwako. Anayezoea kufyatua duara linapojaa huanza mapema mno, huku wapiga risasi wa nyuma wa B-17 wakiwa katika hali nzuri kuliko yake: wewe unayewafuata unaziendea risasi zao, ilhali risasi zako zinaifukuza ndege inayokukimbia. Masafa ya mlinzi wa mkiani ni marefu kuliko yako hata kama bunduki ni zilezile, na hilo peke yake ni sababu ya kutomkaribia kutoka nyuma kwa mwendo wa taratibu.

Hatua ya nne: panga makutano ya risasi

Bunduki zilizo katika mabawa huelekezwa ndani kidogo ili risasi zikutane mahali fulani mbele ya ndege. Tuseme bunduki zako ziko mita 2 kutoka katikati kila upande, nawe umeweka makutano katika mita 300. Katika mita 150 mikondo miwili ya risasi iko umbali wa mita 2 kutoka mmoja hadi mwingine, na kiwiliwili chembamba cha adui kinaweza kupita katikati bila kuguswa. Katika mita 600 mikondo imeshapishana na iko mita 4 mbalimbali.

Historia inafundisha hapa. Mwanzoni mwa vita, kikosi cha ndege za kivita cha Uingereza kilipanga bunduki nane za milimita 7.7 za Spitfire na Hurricane kwa umbali wa yadi 400, yaani takriban mita 366. Marubani wenye uzoefu, miongoni mwao Sailor Malan wa Afrika Kusini, walisogeza makutano hadi yadi 250, takriban mita 229, na mpangilio huo ukaja kukubalika kote. Bunduki zilibaki zilezile, na kilichobadilika ni mahali zilipokusanya nguvu zake.

Kwa mchezaji anayeanza napendekeza mita 250 kwa rashasha nyepesi na mita 300 kwa bunduki za milimita 12.7 na mizinga ya mabawani. Usiige mipangilio ya mita 600 au 800 unayoipata kwa wachezaji wakongwe hadi umefanya zoezi la hatua inayofuata. Ndege zenye bunduki puani, kama P-38, Yak-9 na Bf 109 isiyo na mizinga ya mabawani, hazina tatizo la mikondo kupishana. Kwao mpangilio huu hugusa tu kupanda na kushuka kwa risasi. Ndiyo sababu P-38, yenye mzinga mmoja wa milimita 20 na rashasha nne zilizokusanyika puani, huhisi kama ina mkono mrefu kuliko tarakimu zake.

Hatua ya tano: pima masafa yako ya kuua

Fungua simuleta nje ya mtandao, chagua ndege unayoipenda na uweke shabaha inayoruka mbele yako kwa mstari ulionyooka. Chukua daftari. Anza mita 150 na ufyatue mikupuo miwili ya sekunde moja, kisha andika kama ndege imeanguka, imejeruhiwa au imeponyoka. Rudia mara kumi katika umbali huo kabla ya kusogea. Nenda hivyo katika mita 300, 450, 600 na 750. Ikiwa simuleta inatoa takwimu za risasi zilizopiga, ziandike pia, kwa sababu asilimia inasema kweli kuliko kumbukumbu.

Masafa yako ya kuua ni umbali wa mwisho ambapo mikupuo miwili ya sekunde moja inamwangusha adui katika zaidi ya nusu ya majaribio. Yaandike kwa kila ndege. Kisha rudia zoezi zima shabaha ikiwa inapinda taratibu, na utaona tarakimu ikishuka, pengine kwa nusu. Tarakimu hii ya pili ndiyo ya kuingia nayo vitani.

Pima pia katika mwinuko tofauti. Wakazi wa Nairobi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine: ndege ndogo zinazoondoka uwanja wa Wilson, karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, huhitaji njia ndefu zaidi kuliko zingehitaji Mombasa, kwa sababu hewa ya hapa ina takriban asilimia 85 tu ya uzito wa hewa ya pwani. Katika mita 6,000 uzito huo hushuka hadi takriban asilimia 54. Hewa nyepesi huizuia risasi kidogo, na kwa hiyo risasi hubaki na kasi yake kwa umbali mrefu zaidi, hasa zile nyepesi zinazochoka haraka karibu na ardhi. Simuleta nzuri huliiga jambo hili, nawe utaliona katika daftari lako.

Kuhusu kutanguliza shabaha kwa pembe kubwa, zoezi ndilo mwalimu. Hans-Joachim Marseille, aliyehesabiwa ushindi 158, na George Beurling, Mkanada aliyepigana juu ya Malta mwaka 1942, walisifika kwa ustadi huo. Erich Hartmann, mwenye ushindi 352, alipendelea kusogea hadi adui ajaze kioo cha mbele. Kwa rubani wa kawaida, njia ya Hartmann hulipa mapema zaidi.

Hatua ya sita: sasa pima uwiano wa ndege

Ukiwa na tarakimu hizo unaweza kurudi kwenye ule ubishi. Chukua ndege mbili: moja ina kasi zaidi kwa kilomita 40 kwa saa, nyingine hukata kona vizuri zaidi. Yenye kasi imekosea, imejikuta mita 300 mbele ya adui, na inakimbia. Ni kama matatu mbili kwenye Barabara ya Thika: hata dereva mwenye mwendo zaidi hamwachi mwenzake mara moja, kwa sababu kilomita 40 kwa saa ni mita 11 tu kwa sekunde.

Ikiwa katika seva mnayocheza bunduki zinaua hadi mita 300, anayekimbia amesalimika papo hapo. Ikiwa zinaua hadi mita 600, atakuwa hatarini kwa sekunde 27. Ikiwa zinaua hadi mita 800, atakuwa hatarini kwa sekunde 45, na katika muda huo P-51 inayomfuata inaweza kumaliza risasi zake zote. Ndege zilezile, marubani walewale, kasi ileile. Lakini katika hali ya kwanza ndege ya kasi ndiyo mfalme na katika ya tatu ni jeneza. Mtu anayelalamika kwamba Fw 190 haifai katika seva fulani huenda anasema kweli, na huenda sababu haimo kabisa katika Fw 190.

Vivyo hivyo kwa mbinu ya kushambulia kwa kupiga mbizi na kupaa tena. P-47 inayopanda baada ya kushambulia hupunguza kasi inapokaribia kilele, na kwa sekunde chache huwa shabaha kubwa iliyoning'inia. Mahali ambapo masafa ni mafupi, Zero iliyo chini yake mita 500 haiwezi kufanya lolote. Mahali ambapo masafa ni marefu, Zero huinua pua, humwaga risasi juu, na kuiadhibu mbinu iliyotekelezwa bila kosa. Hata hivyo masafa marefu hayaineemeshi kila ndege inayokata kona vizuri. Ki-43 ya Kijapani yenye rashasha mbili tu haipati faida ambayo Spitfire yenye Hispano inaipata, na ndege za MK 108 huumia kuliko zote, kwa kuwa risasi yao, ambayo huweza kuvunja ndege kwa pigo moja au mawili, haifiki kwa wakati mahali adui alipo.

Kwa nini masafa katika simuleta huwa marefu kuliko yalivyokuwa vitani? Sababu kubwa ni mazoezi. Mchezaji wa miaka kadhaa ameshamfyatulia adui mara nyingi kuliko rubani yeyote wa mwaka 1942, na akianguka huinuka akajaribu tena dakika ileile. Lebo humpa umbali kamili. Kitufe cha kukuza picha humpa jicho ambalo binadamu hana. Kiti chake hakitikisiki, mikono yake haijafa ganzi kwa baridi ya mita 8,000, wala haogopi kufa. Kwa maoni yangu, lebo na kukuza picha vina athari kubwa kwa uwiano kuliko marekebisho mengi ya injini ambayo wachezaji huyadai kwa sauti kubwa.

Mashambulizi ya ana kwa ana nayo hutegemea masafa. Ndege mbili zinazoelekeana kwa kilomita 500 kwa saa kila moja husogeleana kwa mita 278 kwa sekunde. Mwenye masafa ya mita 800 huanza kufyatua karibu sekunde mbili kabla ya mwenye masafa ya mita 300, na kwa hesabu hiyo pambano limekwisha kabla halijaanza. Kama una bunduki za polepole, kataa mwaliko huo kila mara.

Ili kupima uwiano kwa haki, tafuta mwenzako mnayelingana uwezo. Mmoja aanze mita 400 nyuma ya mwingine, kasi na mwinuko vikiwa sawa na mafuta yakiwa nusu tanki. Aliye mbele ajaribu kutoroka kwa njia yoyote kwa dakika mbili. Baada ya mapambano sita badilishaneni ndege, si nafasi tu, kisha rudieni mkianza na mita 600. Ndege ikishinda mikononi mwa wote wawili katika mita 400 lakini si katika 600, mmepata mpaka wa masafa yake, na hilo ni jambo la kuripoti kwa waendeshaji wa seva badala ya neno tupu la kwamba ndege fulani imependelewa.

Hatua ya saba: kwa anayeandaa seva ya marafiki

Kundi la Nairobi linaloandaa mapambano yake la mwisho wa juma lina uhuru ambao seva kubwa hazina, na ucheleweshaji kati ya washiriki walio jiji moja huwa mdogo kiasi kwamba sehemu kubwa ya hatua ya kwanza haihitajiki. Anza kwa kupunguza umbali ambao lebo huonekana, au kuondoa tarakimu za umbali na kuacha jina tu, ikiwa simuleta inaruhusu. Wachezaji watalazimika kusoma duara, watafyatua wakiwa karibu zaidi, na ndege za kasi zitapata nafasi yake bila kuguswa injini yoyote. Usianze kwa kupiga marufuku ndege. Ukiona bado upande mmoja unashinda mno, rekebisha mwinuko wa kuanzia: P-47 iliyoanza mita 6,000 ni ndege tofauti na ile iliyoanza mita 1,500. Idadi ya ndege adimu na kiwango cha mafuta vije mwisho kabisa, na badilisha jambo moja tu kila wiki ili ujue ni lipi lililoleta matokeo.

Kila simuleta inapotoa toleo jipya, waundaji wanaweza kubadilisha nguvu ya risasi, mtawanyiko au uimara wa ndege, wakati mwingine kwa mstari mmoja tu katika maelezo yao. Kabla ya kugusa makutano ya risasi zako au kuingia katika ubishi wa wiki hiyo, rudia majaribio ya mita 300 na mita 600 kwa ndege moja yenye rashasha na moja yenye mzinga, uweke tarehe, kisha ulinganishe na ukurasa wa zamani wa daftari.